Sura na Nasaba: Funzo la Uainishaji wa Kuvu kwa Istilahi Zetu

Lugha yetu ina maneno ya tangu zamani yanayotaja viumbe ambavyo taaluma huviita kwa jumla kuvu: uyoga, ukungu, hamira. Maneno hayo yalizaliwa na macho na matumizi. Wataalamu wa Ulaya nao walianza kwa macho, na safari yao kutoka kwenye sura hadi kwenye nasaba ina funzo kwa kila mwenye kazi ya kutafsiri au kufundisha.

Mwaka 1753 Linnaeus aliziweka kuvu miongoni mwa mimea isiyo na maua. Persoon, mzaliwa wa Rasi ya Tumaini Jema, alitoa kitabu chake kikuu cha uainishaji mwaka 1801. Baada yake Fries wa Uswidi, kati ya 1821 na 1832, alizipanga kuvu kwa kutazama mahali spora zinapozaliwa: penye mikunjo myembamba kama matamvua ya samaki, penye vitundu, au penye miiba. Rangi ya vumbi la spora nayo ilihesabiwa. Mpango huo ulitawala kwa zaidi ya karne moja.

Walakini sura hudanganya. Jenasi Coprinus ilikusanya uyoga ambao kofia zake huyeyuka zikawa kama wino. Jeni zilipolinganishwa, ilibainika kwamba tabia hiyo ilizuka zaidi ya mara moja. Mwaka 2001 jenasi ikavunjwa: Coprinus comatus ukabaki karibu na uyoga wa kawaida wa madukani, na wenzake wengi wakahamishiwa familia nyingine. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa yametangulia. Mwaka 1969 Whittaker alizipa kuvu himaya yao wenyewe, na mwaka 1993 Baldauf na Palmer walionyesha kuwa udugu wao na wanyama ni wa karibu kuliko udugu wao na mimea.

Jambo hili si geni kwa mwalimu wa Kiswahili. Neno kifaru lina umbo la kiti na kisu, lakini husemwa kifaru amekuja, wala si kifaru kimekuja. Kiambishi ni sura. Upatanisho ndio unaofichua ngeli.

Yaweza kudhaniwa kuwa huu ni ubishi wa maabara tu. La hasha. Kiumbe kiletacho bakajani chelewa ya viazi na nyanya, Phytophthora infestans, kina nyuzi kama za kuvu, na kwa muda mrefu kiliitwa kuvu. Kwa nasaba, hata hivyo, ni jamaa wa mwani wa kahawia. Dawa nyingi za kuvu hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa ergosteroli, nacho hakiitengenezi. Mtafsiri wa maelezo ya dawa akitosheka na maneno "huua kuvu", mkulima aweza kumaliza fedha zake huku shamba likiteketea.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, maneno ya sura kama uyoga na ukungu yaachiwe kazi yake ya kutaja sura, yasilazimishwe kuwa majina ya familia. Pili, istilahi himaya, oda, familia na jenasi zitumike pale tu nasaba inapokusudiwa. Mkusanyiko wa kufanana kwa sura uitwe kundi. Tatu, maelezo ya dawa yataje jina la ugonjwa na la kiumbe chenyewe, si "kuvu" peke yake.

Uyoga wa mchwa ni mfano mwema. Taaluma imeuweka katika jenasi Termitomyces, na jeni zimeiingiza jenasi hiyo katika familia Lyophyllaceae. Jina la wenyeji halikuguswa na hayo, kwa kuwa lataja tu mahali uotapo wala halidai nasaba. Istilahi isiyodai zaidi ya inachokijua hudumu.