Diski zinazozaa sayari, na majaribio yaliyozifichua

Wasomaji, diski ninayotaka tuizungumzie leo haimo ndani ya tarakilishi yako. Ni duara bapa la gesi na vumbi linaloizunguka nyota changa, na humo ndimo sayari hutungwa. Dunia yetu pia ilitoka katika diski ya namna hiyo, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita. Mimi ni mtu wa programu, si mwanaastronomia, lakini historia hii inanigusa kwa sababu moja: mara mbili, hatua kubwa ilipigwa na watu waliokuwa wakijaribu mitambo yao tu.

Wazo lenyewe ni la kale. Immanuel Kant aliliandika mwaka 1755, na Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa akalieleza kwa njia yake mwaka 1796: jua na sayari zake zilitokana na wingu kubwa lililojikusanya, likazunguka, likawa bapa. Wazo hilo lilieleza kwa nini sayari zote hulizunguka jua kwa mwelekeo mmoja. Taabu ni kwamba hakuna aliyeweza kuonyesha diski hata moja. Kwa zaidi ya miaka 200 tulikuwa na mfano mmoja tu, huu tunaoishi ndani yake, na kwa mfano mmoja huwezi kujua kama sayari ni jambo la kawaida ama ni bahati ya ajabu.

Kuiona diski ni kama kumtafuta mbu kando ya taa ya lori linalokujia usiku. Nyota hung'aa mno, vumbi ni hafifu.

Tarehe 25 Januari 1983, Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha setilaiti ya IRAS kupima infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Darubini yake ilipozwa kwa heliamu ili joto lake lenyewe lisivuruge vipimo. Sasa, kabla hujakiamini kifaa, unakijaribu kwa kitu unachokijua. George Aumann na Fred Gillett walitumia Vega, nyota ambayo kwa miaka mingi wanaastronomia waliifanya kipimo chao cha mwangaza. Vega ikagoma. Kwenye mawimbi marefu ilitoa mionzi mingi kuliko inavyostahili nyota ya aina yake.

Ukishawahi kuandika programu unajua kishawishi kilichopo hapo: laumu kifaa, ongeza namba ya kusahihisha, endelea na kazi. Wao walilinganisha na nyota nyingine, na hizo zikatoa namba zilizotarajiwa. Kifaa kilikuwa kizima. Palikuwa na vumbi likiizunguka Vega, lenye baridi ya karibu nyuzi 190 chini ya sifuri. Nyota nyingine tatu zikaonyesha dalili hiyo hiyo, mojawapo ikiwa Beta Pictoris, iliyo umbali wa miaka ya nuru 63 hivi. Heliamu ikaisha Novemba 1983 na IRAS ikapofuka. Namba zilikuwepo, picha haikuwepo.

Picha ilipatikana Aprili 1984, huko Las Campanas nchini Chile. Bradford Smith, aliyekuwa kiongozi wa kundi la kamera za vyombo vya Voyager, na Richard Terrile walitumia koronagrafu, kifaa cha kuziba mwanga wa nyota yenyewe. Hata hivyo mng'ao ulivuja pembeni. Basi wakapiga pia picha ya Alpha Pictoris, nyota jirani isiyo na dalili ya vumbi, kisha tarakilishi ikaigawanya picha moja kwa nyingine, pikseli kwa pikseli. Mng'ao wa nyota zote mbili unafanana, kwa hiyo ukigawanya unatoweka. Kilichosalia ni mistari miwili iliyonyooka pande mbili za nyota: diski iliyotazamwa kutoka ubavuni, kila upande ukienea karibu mara 400 ya umbali wa dunia na jua. Kugawanya tu! Hesabu ya darasa la tatu.

Je, picha iliyopitia programu ni picha kweli? Mimi nasema ni kweli, mradi data ghafi imehifadhiwa na hatua zote zimeandikwa, ili mwingine azirudie. Beta Pictoris yenyewe ni shahidi. Mwaka 2008 kundi la Anne-Marie Lagrange lilitangaza nukta karibu na nyota hiyo, kwenye data iliyokusanywa Chile mwaka 2003. Mwaka 2010 ikathibitishwa kuwa sayari, maana ilikuwa imehamia upande wa pili wa nyota.

Kusema haki, vumbi la Vega na Beta Pictoris ni mabaki ya ujenzi, changarawe iliyobaki baada ya nyumba kusimama. Diski changa zaidi zilionekana miaka ya 1990, pale darubini ya Hubble ilipozinasa kama vivuli vyeusi mbele ya wingu linalong'aa la Orion.

Kisha ikaja ALMA, antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor, Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2014 wahandisi walizitawanya antena hadi kilomita 15 kujaribu kama zingefanya kazi pamoja. Kitu cha kujaribia kilikuwa HL Tau, nyota yenye umri usiofika miaka milioni moja, katika kundi lile lile lenye Kilimia. Ikatoka diski yenye pete angavu na mianya myeusi, safi kama santuri. Wengi hawakutegemea mpangilio huo kwa nyota changa hivyo. Sayari zilidhaniwa huchukua muda mrefu zaidi.

Je, mianya hiyo imechimbwa na sayari? Kwa HL Tau bado hakuna sayari iliyoonekana wazi. Kwa nyota PDS 70 jibu lilipatikana mwaka 2018: sayari changa ilipigwa picha ndani ya mwanya wa diski. Ya pili ikafuata mwaka 2019, na mwaka 2021 ALMA ikaonyesha kwamba hiyo ya pili nayo ina kidiski chake cha vumbi, ambamo huenda miezi ikatungwa.