Epcot au EPCOT? Kisa cha herufi nne

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi, na sababu ni herufi. Nilibadilisha jina la folda moja kutoka herufi kubwa hadi ndogo. Kwenye kompyuta yangu ya Windows kila kitu kikaenda sawa, lakini nilipoipeleka programu kwenye seva ya Linux ikagoma kabisa. Kwa Linux, PICHA na picha ni vitu viwili tofauti. Nilikesha nikitafuta kosa, kumbe mkosaji ni mimi.

Nikakumbuka ubishi wa mashabiki ambao nimeufuatilia tangu nikiwa chuoni: ile bustani ya burudani ya Disney kule Florida, Marekani, ni EPCOT au ni Epcot? Najua utasema hayo ni mambo ya watu wasio na kazi. Hebu nivumilie kidogo.

Jina lilianza kama kifupisho cha Experimental Prototype Community of Tomorrow, yaani jamii ya majaribio, mfano wa maisha ya kesho. Mnamo Oktoba 1966 Walt Disney alirekodi filamu akieleza alichotaka kujenga, na haikuwa bustani bali mji kamili. Watu 20,000 wangeishi humo, kitovu cha mji kingefunikwa na paa, magari yangepita chini ya ardhi na wakazi wangeenda kazini kwa treni za umeme. Miezi miwili haikuisha, tarehe 15 Desemba 1966, Walt akafariki. Mji haukujengwa.

Kilichofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982 kiliitwa EPCOT Center. Ulikuwa uwanja mkubwa wa maonyesho: upande mmoja nishati, usafiri, kilimo na mawasiliano, upande wa pili mataifa kuzunguka ziwa. Langoni palisimama tufe la Spaceship Earth, lenye urefu wa futi 180 na vigae vya pembetatu zaidi ya 11,000. Nembo ilikuwa na dunia katikati na duara tano zilizofungamana kama petali za ua, na herufi zake zilikuwa za mviringo kwenye kona, kama zilizochorwa ubavuni mwa chombo cha anga za juu. Mickey Mouse hakuwepo kabisa siku za mwanzo. Walifanya hivyo makusudi.

Kisha ikaja miaka ya tisini. Mwaka wa 1994 jina likawa Epcot '94, mwaka uliofuata Epcot '95. (Ndiyo, mwaka uleule wa Windows 95. Ukitia mwaka kwenye jina la bidhaa, Januari utapaka rangi mabango upya!) Mwaka wa 1996 wakachoka, likabaki Epcot tu. Center ilikuwa imekwisha kuondoka, na herufi nne za mwisho zilikuwa ndogo.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Kundi moja lilisema afadhali: watoto walipaona mahali pale kama shule, na jina jepesi lingewakaribisha. Kundi la pili lilisema kifupisho kikiandikwa kwa herufi ndogo kinaacha kuwa kifupisho. Hakisimamii chochote tena, kinabaki sauti tupu. Kwa hili wana hoja nzito, nami nasema hivyo kama mtu aliyekesha kwa ajili ya folda.

Mwaka wa 1999 ukatia petroli kwenye moto. Januari walifunga Horizons, onyesho lililowapitisha wageni katika nyumba za wakati ujao. Mwaka huohuo, kwa sherehe za milenia, wakasimamisha mkono mkubwa wa Mickey ulioshika fimbo ya uchawi kando ya Spaceship Earth, na juu yake tarakimu 2000. Sherehe zilipokwisha, tarakimu zikashushwa na mahali pake pakawekwa neno Epcot kwa mwandiko wa kurembaremba usiofanana hata na nembo yenyewe ya bustani. Wapo waliokulia chini ya mkono ule na wanaupenda hadi leo, siwalaumu. Lakini wakongwe waliona ni kama mtu amebandika stika juu ya jiwe la kaburi. Uliondolewa mwaka wa 2007, kabla ya maadhimisho ya miaka 25, na tufe likabaki peke yake kama lilivyozaliwa.

Mwaka wa 2019 kampuni ikaonyesha nembo mpya: EPCOT, herufi zote kubwa, kwa umbo linalokumbusha la 1982. Wakongwe wakashangilia. Mimi ndipo nilipoanza kuwa na shaka, kwa sababu ya neno ambalo halikurudi: Center. Neno lile ndilo lililosema ukweli. EPCOT ulikuwa mji wa Walt ambao haukujengwa, na EPCOT Center kilikuwa kituo cha kuonyesha fikra zake. Bila Center, bustani inajiita kwa jina la mji wenyewe. Herufi ndogo za 1996 zilikuwa na sura mbaya, lakini hazikumdanganya mtu.

Sisi Wakenya tuna kaushahidi ketu kwamba watu hawa hucheza na herufi. Banda la Afrika ya Ikweta lililopangwa kwa EPCOT Center halikujengwa kamwe. Badala yake, mwaka wa 1998, katika bustani jirani ya Animal Kingdom, walifungua kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki, chenye kuta za mtindo wa Lamu. Kinaitwa Harambe. Ihesabu mwenyewe: e moja imepotelea njiani! Sijaona shabiki yeyote wa kule akikosa usingizi kwa ajili yake.

Turudi kwa herufi nne. Kuanzia 1982, ile nusu ya bustani yenye maonyesho ya sayansi iliitwa Future World, yaani dunia ya wakati ujao. Tarehe 1 Oktoba 2021, bustani ilipotimiza miaka 39, jina hilo likafutwa na eneo likagawanywa sehemu tatu zenye majina mengine. Langoni, bendera na nguzo mpya zilikuwa tayari na ile nembo ya dunia na duara tano.