Kutoka Mtumwa hadi Siti: Nasaba Iliyomo Katika Jina

Aghalabu wanaomwandika Siti binti Saad huanzia Bombay mwaka 1928, alikokwenda na wenzake kurekodi santuri kwa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kurudi nyuma zaidi, hadi Fumba katika kisiwa cha Unguja, alikozaliwa yapata mwaka 1880 na kupewa jina la Mtumwa. Swali letu ni hili: alitoka kwa akina nani, na urithi huo aliufanyia nini?

Jina lenyewe lina utata. Kisarufi, mtumwa ni mtu aliyetumwa. Mwambao ndio ulioifanya nomino hiyo imtaje mtu anayemilikiwa. Isitoshe, Mtumwa limekuwa jina la kawaida la mtoto hata katika nyumba zisizojulikana kwa utumwa. Kwa hivyo jina peke yake si ushahidi wa kutosha, na mhakiki anayeliegemea bila ya kitu kingine anajenga juu ya mchanga.

Tutazame wazazi. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi. Mama yake alikuwa Mzigua. Na wote wawili, kama ilivyopokewa, walizaliwa Unguja. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Waswahili wa karne iliyopita hiyo ya kumi na tisa walitofautisha mjinga, yaani aliyeletwa karibuni kutoka bara, na mzalia, yaani aliyezaliwa pwani. Basi waliovuka bahari ni babu na bibi zake Siti. Kwa upande wa Wazigua, yajulikana kwamba njaa ya miaka ya 1830 iliwafanya wengi wajiweke rehani au wawauze wana wao ili wapate chakula, wakati uleule mashamba ya karafuu ya Unguja yalipokuwa yakipanuka na kudai mikono. Kwa Wanyamwezi hali ni ngumu zaidi kuisoma: wengine walifika pwani wakiwa mateka, wengine wakiwa wapagazi huru wa misafara ya pembe za ndovu. Hata hivyo, tukiweka pamoja jina, makabila na mahali alipozaliwa, watafiti wanaomhesabu kuwa mtoto wa watumwa wana hoja nzito, nami nakubaliana nao.

Uunguja uliingia chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890. Sheria ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kwa namna ya kinyonge: mtumwa alipaswa aende mwenyewe kudai uhuru, bwana akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. (Mwambao wa Kenya ulisubiri hadi 1907.) Mtumwa wa Fumba alikuwa na umri wa miaka kama kumi na saba hivi. Kazi yake ilikuwa kutembeza vyungu, ufinyanzi ukiwa ndio riziki ya kwao. Alihamia mjini mwaka 1911, na huko ndiko alikojifunza muziki na kupata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Si wote waliolikubali jina hilo. Tungo za kumkejeli zilishambulia chanzo chake na vazi lake la kaniki, nguo iliyokuwa alama ya mwanamke mtumwa na wa shamba. Lililo muhimu kwetu ni namna ya jibu lake. Angaliweza kudai ukoo, kama wengi walivyofanya: kati ya sensa za 1924 na 1931 idadi ya waliojiita Waswahili ilishuka sana huku wanaojitaja kwa majina yenye heshima zaidi wakiongezeka. Siti hakujitafutia nisba ya Uarabuni. Alijibu kwa kuweka akili na tabia mbele ya sura na nasaba, na akabaki binti Saad, jina la baba wa Kinyamwezi lisilo na nyongeza yoyote.

Shaaban Robert, katika wasifu uliotoka mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo cha Siti, alimfanya kielelezo cha mtu aliyepanda kwa juhudi. Uzito wa kitabu unaangukia umaskini zaidi kuliko utumwa. Chaguo hilo linaeleweka. Mwandishi mwenyewe alikuwa wa asili ya Kiyao, na mwambao wa siku zake haukupenda kuulizana habari za mababu. Lakini umaskini ni hali ambayo mtu huweza kuitoka kwa bidii. Utumwa ni tendo ambalo mtu fulani alimtendea mwingine. Kitabu kinapoliweka la kwanza mahali pa la pili, watendaji hutoweka katika hadithi.

Nyimbo hazikuwaachia. Taarab iliyolelewa na Sultani Barghash katika jumba lake ilikuwa ya Kiarabu. Siti na wenzake waliileta katika Kiswahili cha Ng'ambo, mtaa uliojaa watu waliokombolewa na wana wao, wakifanya mazoezi nyumbani kwake majirani wakisikiliza. Waliimba habari za mahakama na za wanawake wasio na mtetezi. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unasimulia mauaji ya mwanamke ambayo mtendaji wake alitoroka huku wanawake waliokuwa naye marehemu wakibebeshwa lawama. Laura Fair, katika utafiti wake wa 2001, amezisoma nyimbo hizi kama kumbukumbu ya sheria ya kikoloni ilivyoonekana na waliokuwa chini yake, na usomaji huo unaridhisha.

Urithi huu haukufuata damu. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Jarida la wanawake wanahabari wa Tanzania lililoanza mwaka 1988 liliitwa Sauti ya Siti. Mama Mzigua, ambaye nyumbani kwake vyungu vilifinyangwa, hana nafasi katika jina la binti yake. Kanuni ya majina humpa baba nafasi hiyo. Yeye hupatikana katika ile kazi tu, ya msichana aliyekitembeza chungu kutoka Fumba akikinadi kwa sauti.