Historia ya Deki na Mkanda wa Video

Katika nyumba nyingi za nchi zetu, juu ya kabati au chini ya kitanda, mna sanduku la mikanda ya video isiyotazamwa tena. Watoto wa shule waionapo huuliza, "Vitu gani hivi?" Swali hilo ni jema, nalo lastahili kujibiwa kwa taratibu, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Leo twataka kueleza asili ya chombo kile tulichozoea kukiita deki, jinsi kilivyofanya kazi, na vita vilivyopiganwa kwa ajili yake, visivyokuwa vya bunduki bali vya biashara na vya sheria. Mwisho tutasema neno juu ya mikanda iliyobaki, maana imo hatarini.

Televisheni yenyewe ni kongwe kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1884 Mjerumani Paul Nipkow aliandikisha uvumbuzi wake wa sahani yenye matundu, ambayo ikizunguka huikata picha vipande vipande, ili kila kipande kipelekwe kwa njia ya umeme. Tarehe 26 Januari 1926, mjini London, Mskoti John Logie Baird alionyesha mbele ya wataalamu sura za watu katika chombo chake. Desemba ya mwaka uo huo, huko Hamamatsu katika Japani, mwalimu Kenjiro Takayanagi alionyesha herufi moja ya Kijapani juu ya kioo cha umeme. Tena Septemba 1927 kijana wa Marekani, Philo Farnsworth, alipeleka picha kwa umeme mtupu, bila ya sahani yo yote izungukayo. Twawaomba wasomaji walishike jina la Takayanagi, kwa sababu tutakutana naye tena.

Walakini televisheni ya siku zile ilikuwa na upungufu mkubwa. Ilikuwa kama neno la mdomo, likisemwa limepita. Mtu asiyekuwapo mbele ya chombo saa ile alikuwa amekosa. Wenye vituo waliotaka kuweka kumbukumbu iliwalazimu kuielekeza kamera ya sinema kwenye kioo cha televisheni na kupiga picha ya picha, nayo ilitoka hafifu.

Huenda msomaji akauliza, mbona picha haikuwekwa katika mkanda wa sumaku, kama ilivyowekwa sauti? Shida ilikuwa hii. Mkanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa kutu ya chuma. Umeme upitapo katika sumaku ndogo iitwayo kichwa, huacha alama katika unga ule. Sauti iwezayo kusikiwa na sikio la mtu haizidi mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde moja, lakini picha ya televisheni yataka mitikisiko milioni kadha wa kadha. Ili alama nyingi hivyo zipate nafasi, mkanda hauna budi kupita mbele ya kichwa kwa mbio za ajabu. Shirika la BBC la Uingereza lilijenga mashine ya namna hiyo na kuionyesha mwaka 1958. Mkanda wake ulikwenda mita 5 kwa sekunde, na gurudumu zima, ijapokuwa kubwa mno, lilikwisha kwa muda wa robo saa.

Wahandisi wa kampuni ya Ampex huko California, wakiongozwa na Charles Ginsburg, walikuwa wamekwisha kuligeuza jambo hilo. Badala ya kuukimbiza mkanda, walikizungusha kichwa. Vichwa vinne viliwekwa ukingoni mwa gurudumu dogo lililozunguka upesi sana, vikaandika mistari ya kukata upana wa mkanda. Mashine hiyo ilionyeshwa mjini Chicago katika Aprili 1956, na tarehe 30 Novemba mwaka uo huo kituo cha CBS kiliitumia kutangaza habari. Lakini bei yake ilikuwa kama dola 50,000, na ukubwa wake si wa kutiwa sebuleni.

Wajapani ndio walioileta nyumbani. Mhandisi Norikazu Sawazaki wa kampuni ya Toshiba, katika miaka ya 1950, aliuzungusha mkanda juu ya pipa dogo kwa mshazari, mfano wa ukili uzungushwavyo mtu ashonapo kikapu. Pipa likizunguka, kichwa kilichomo huandika mstari mrefu wa mshazari juu ya mkanda, kisha mwingine kando yake, na mwingine tena. Katika deki za VHS zilizotumika kwetu, pipa lilizunguka mara 25 kwa sekunde, likiwa na vichwa viwili, na kila kichwa kiliandika nusu ya picha moja. Mkanda wenyewe ulijiendea polepole, sentimeta 2 na kidogo tu kwa sekunde. Ila kichwa kilipita juu yake kwa mwendo wa karibu mita 5. Basi ule mwendo wa mashine kubwa ya Waingereza ukapatikana ndani ya kisanduku cha kushikwa kwa mkono mmoja.

Mwaka 1975 kampuni ya Sony ilitoa deki iitwayo Betamax. Mwaka uliofuata kampuni ya JVC ilitoa yake, iitwayo VHS. JVC ndiyo kampuni ambamo yule mwalimu Takayanagi aliingia baada ya Vita Kuu ya Pili, akapanda hata akawa makamu wa rais wake. Mikanda ya deki hizo mbili haikuingiliana. Wengi walisema kwamba Betamax ilikuwa na picha safi zaidi. Lakini mkanda wake wa kwanza ulichukua saa 1 tu, na wa VHS saa 2, ndio kiasi cha sinema nzima. Tena JVC iliziruhusu kampuni nyingi kuiunda VHS, bei zikashuka na maduka yakajaa. Mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kuunda deki za VHS. Wazee wetu walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Na nyasi hapa ni wale walionunua Betamax, wakabaki na makabati ya mikanda isiyo na mashine.

Vita vya pili vilikuwa vya mahakamani. Mwaka 1976 kampuni za sinema za Universal na Disney ziliishtaki Sony, zikidai kwamba anayenakili sinema kutoka televisheni aiba mali ya mwenyewe, na aliyemwuzia mashine ni mshiriki wake. Mahakama ya kwanza iliipa Sony haki mwaka 1979. Ya rufani ikapindua mwaka 1981. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ilikata shauri, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mtu anakiliye nyumbani kwake ili atazame baadaye hana kosa. Kama jaji mmoja tu angalihamia upande wa pili, historia ya chombo hiki ingalikuwa nyingine. Na wale walioshtaki hawakufilisika. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha, kampuni za sinema za Marekani zilipata fedha nyingi kwa mikanda kuliko kwa viingilio vya majumba ya sinema.

Na kwetu je? Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ikawa ya rangi. Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata mwaka 1994. Kwa hiyo watu wengi wa Bara walijua mkanda wa video kabla ya kujua matangazo ya televisheni. Palizuka vibanda vya video, na wafasiri waliosimulia sinema za kigeni kwa lugha yetu, nao wa Uganda kwa Kiganda. Huko Nigeria sinema iitwayo Living in Bondage, ya mwaka 1992, iliuzwa moja kwa moja katika mikanda ya VHS, ikawafungulia Waafrika mlango wa kutengeneza sinema zao wenyewe kwa fedha kidogo.

Sasa twafika kwenye jambo lenye kutuhangaisha. Deki zimekwisha kuundwa. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho, iliacha mwaka 2016. Na mkanda nao hauishi milele. Gundi ishikayo unga hulegea, unyevu wa pwani huleta ukungu, na alama za sumaku hufifia. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa onyo kwa dunia nzima kwamba mikanda ya sumaku isiponakiliwa upesi, yaliyomo yatapotea kabisa. Sinema za kigeni zina nakala kwingine. Lakini arusi ya mama yako, mazishi ya babu, sauti ya mwalimu mkuu aliyekwisha kufariki, taarabu iliyopigwa uani usiku mmoja tu, hayo hayana nakala nyingine duniani.

Basi yatupasa kufanya haya. Tuisimamishe mikanda wima, mahali pakavu pasipo jua. Wenye ukungu usitiwe katika deki, maana utaharibu na mashine, bali upelekwe kwa fundi ajuaye kuusafisha. Iliyo mizima ihamishwe katika kompyuta maadamu deki chache zingali zinafanya kazi, na kila nakala iandikwe majina ya watu waonekanao, wakati wangalipo wazee wa kuwatambua. Walimu wenzetu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hii kwa somo la historia: kila mmoja aulize kwao kama pana mkanda, ni wa mwaka gani, na ndani yake mna nani.