Kuta za Gaza na Kengele ya Freretown

 

Nabii Amosi, katika sura yake ya kwanza, anaitaja miji miwili yenye ngome, Gaza na Tiro. Ilikosa nini hata kuta zake zikahukumiwa moto? Ilichukua watu, jamii nzima, ikawatia mikononi mwa Edomu. Tuangalie vema jambo hilo. Nabii haoni biashara ya watu kuwa dhambi ya mfanyabiashara mmoja tu. Anaiona kuwa ufa katika ukuta wa taifa.

Pwani yetu ilijifunza hayo kwa uchungu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukomesha kuwasafirisha baharini. Penye soko la Unguja likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Wengi hudhani habari iliishia hapo. La! Utumwa wenyewe uliendelea katika mashamba ya pwani ya Kenya hata ulipofutwa kwa sheria mwaka 1907.

Mwaka 1875 misheni ya C.M.S. ilianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi. Hapo ilitundikwa kengele ya kuwaonya wakazi wauza watumwa walipokaribia. Hata leo mahali hapo huitwa Kengeleni, ingawa wengi wapitao kwa matatu hawaulizi kwa nini.

Huko Rabai mambo yalikuwa mazito zaidi. Watumwa waliotoroka mashambani walikimbilia misheni, na aliyewapokea alikuwa William Jones, Myao aliyekamatwa utotoni, akaokolewa, akalelewa India, akarudi na kuwa mchungaji. Wenye mashamba wakadai warudishiwe mali yao, kwa maana ndivyo walivyowaita. Mwaka 1888 vita vikanukia, hata kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza kutawala ikaona heri ilipe fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Twastaajabu kidogo kwamba aliyelipwa ni mwenye mtumwa, wala si mtumwa.

Sasa, ndugu zetu, Suneka iko mbali na bahari. Lakini barabara itokayo Kisii hupita hapo kwenda Migori na mpakani Isebania, na wakala wa siku hizi haji na minyororo. Huja na simu, na fomu, na maneno matamu ya kazi ng'ambo. Na mara nyingi anayemleta nyumbani ni jirani. Tangu 2022 serikali imeonya juu ya vijana walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar, wakilazimishwa kulaghai watu kwa intaneti. Novemba 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ikasema kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine, na kwamba mawakala wangali wakiwashawishi wengine. Tunalea vijana, tunawasomesha kwa jasho, kisha mgeni anawatia bunduki mikononi kwa vita visivyo vyetu. Je, langoni petu yuko mlinzi? Na ofisa apokeaye rushwa ili msichana avuke na pasi isiyo yake, atamzuiaje mwenye silaha ajaye nyuma ya msichana huyo?

Sheria tunayo tangu 2010. Mlanguzi wa watu hufungwa si chini ya miaka 30, au hutozwa si chini ya shilingi milioni 30, au yote mawili. Akirudia, ni kifungo cha maisha. Lakini hakimu hawezi kusikia kesi ambayo jamaa wameificha kwa aibu. Wazazi, wakala akija, mwulizeni jina la mwajiri. Ombeni mkataba mwusome, na mwulize kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama ofisi yake ina leseni. Fanyeni hivyo mapema, kabla ng'ombe hajauzwa kulipia nauli.