Jalada Kwanza, Maabara Baadaye: Kuzipitia Upya Hukumu za Zamani Nchini Malawi

Hapa Dzaleka neno DNA si geni. Wengi wetu tumelisikia kwa sababu ya safari ya kuhamia nchi ya tatu. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi, baada ya vipimo vilivyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba udugu ulioandikwa kwenye fomu mara nyingi haukuthibitika. Mpango uliporudishwa mwaka 2012, kipimo kikawa sharti. Kwa hiyo kambini kipimo cha vinasaba kinajulikana kama mlango ambao familia hupita au hukwama. Kazi yake nyingine haijulikani sana kwetu, nayo ni kumtoa gerezani mtu aliyefungwa kwa kosa la mwingine.

Katika insha hii nauliza kama kazi hiyo ya pili ingewezekana hapa Malawi, kwa hukumu zilizotolewa zamani. Jibu langu ni kwamba kwa hukumu nyingi isingewezekana, hata kama maabara bora ingejengwa Lilongwe kesho asubuhi. Kikwazo kimo katika namna watu walivyokamatwa, walivyohukumiwa na walivyoandikwa, au hawakuandikwa kabisa. Hata hivyo Malawi imezipitia upya hukumu zake, tena kwa mafanikio, kwa njia nyingine. Nitaeleza njia hiyo na mahali ilipoishia.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mwaka 1984 Alec Jeffreys, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester huko Uingereza, aligundua kwamba sehemu fulani za vinasaba hutofautiana mno kati ya mtu na mtu, kiasi cha kuweza kutumika kama alama ya kumtambulisha. Polisi waliomba msaada wake katika kesi ya wasichana wawili waliouawa mwaka 1983 na 1986. Kijana mmoja alikuwa amekiri kosa moja. Kipimo kilionyesha kwamba hakuhusika. Aliyehusika, Colin Pitchfork, alifungwa maisha mwaka 1988. Wanafunzi wenzangu wazingatie mpangilio huu: mtu wa kwanza ambaye kipimo kilimgusa katika kesi ya mauaji alikuwa mtu asiye na hatia, na alikuwa amekiri kwa mdomo wake.

Baada ya hapo kipimo kilianza kurudi nyuma, kwenye kesi zilizokwisha kufungwa. Huko Marekani, Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo mwaka 1985 kwa kumuua mtoto, kwa ushahidi wa watu waliosema walimwona. Mwaka 1993 aliachiwa huru kwa sababu doa kwenye nguo ya marehemu halikuwa lake. Mwaka mmoja kabla, mawakili Barry Scheck na Peter Neufeld walikuwa wameanzisha Innocence Project jijini New York kwa ajili ya kesi za namna hiyo. Tangu wakati huo mamia ya wafungwa nchini humo wamesafishwa majina yao. Lakini Bloodsworth aliokolewa na mambo mawili, wala si moja. Kipimo kilikuwepo, na nguo ilikuwepo. Kama nguo ile ingetupwa baada ya hukumu, mtaalamu asingekuwa na kitu cha kupima. Kipimo hakiwezi kuuliza swali ambalo mahakama haikutunza jibu lake.

Sasa turudi Malawi. Naona kwamba watu waliopoteza uhuru wao katika miaka thelathini ya utawala wa Kamuzu Banda wanagawanyika katika makundi matatu, na kila kundi lina kikwazo chake.

Kundi la kwanza ni la watu ambao hawakuhukumiwa kabisa. Mahali tunapoishi palikuwa gereza lao. Kabla ya wakimbizi kupokelewa hapa mwaka 1994, Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa kaskazini mwa Lilongwe, ilikuwa kambi ya wafungwa wa kisiasa. Hata jina lina maana. Kwa Kichewa kuleka ni kuacha, na silabi dza huleta wakati ujao, kama ta yetu ya Kiswahili. Jina linasikika kama ahadi ya mtu aliyeadhibiwa: nitaacha. Kanuni za usalama wa umma za mwaka 1965 ziliiruhusu serikali kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Miongoni mwa walioletwa hapa walikuwamo Mashahidi wa Yehova, ambao dini yao ilipigwa marufuku mwaka 1967 na ambao walikataa kununua kadi za chama cha Malawi Congress Party. Vivyo hivyo mshairi Jack Mapanje alikaa gereza la Mikuyu kuanzia 1987 hadi 1991 bila kusomewa shtaka. Kwa watu hawa hakuna hukumu ya kupitia upya, hakuna shahidi wa kumhoji tena, hakuna kielelezo. Katiba mpya, iliyoanza kutumika mwaka 1994, iliunda baraza la taifa la fidia ili wapeleke madai yao. Fidia ni jambo jema, lakini si sawa na kusafishwa. Anayesafishwa lazima kwanza awe aliwahi kushtakiwa.

Kundi la pili ni la waliohukumiwa na Mahakama za Jadi. Chanzo cha nguvu za mahakama hizo ni mauaji ya Chilobwe, kitongoji cha Blantyre, mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu waliuawa usiku majumbani mwao, na uvumi ukaenea kwamba damu yao ilikuwa inachukuliwa ili iuzwe. Washtakiwa wa kwanza walipofikishwa Mahakama Kuu waliachiwa kwa kukosa ushahidi. Serikali ilikasirika. Mwaka 1969 Bunge lilibadilisha sheria na kuzipa mahakama za machifu uwezo wa kusikiliza kesi kubwa, yakiwamo mauaji, na kutoa adhabu ya kifo. Majaji wa kigeni waliokuwa Mahakama Kuu walijiuzulu kwa kupinga.

Kwa mwanafunzi wa historia, hapa kuna jambo la kutafakari. Kesi ambayo uvumi wake wote ulihusu damu ndiyo iliyoifanya nchi iache kutafuta ushahidi wa damu. Ni kweli kwamba mwaka 1969 hakukuwa na kipimo cha vinasaba popote duniani. Makundi ya damu yalijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nayo yangeweza kumwondoa mtu kwenye orodha ya washukiwa, ingawa yasingeweza kumtaja mwenye kosa. Lakini mahakama mpya hazikuhitaji hata hayo. Katika mahakama za ngazi ya mkoa walioketi kuhukumu walikuwa machifu pamoja na mwanasheria mmoja. Mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mshtakiwa. Ushahidi ulikuwa maneno.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Orton na Vera Chirwa. Orton alikuwa Mmalawi wa kwanza kuwa wakili wa Mahakama Kuu, kisha waziri wa sheria. Baada ya mgogoro wa baraza la mawaziri wa mwaka 1964 alikimbilia Tanzania. Mkesha wa Krismasi mwaka 1981 yeye, mkewe na mtoto wao walikamatwa. Wao walisema walitekwa upande wa Zambia. Mume na mke walishtakiwa kwa uhaini mbele ya Mahakama ya Jadi, na ingawa wote wawili walikuwa wanasheria, hawakuruhusiwa kuwa na wakili. Walihukumiwa kifo mwaka 1983. Mahakama ya rufani ya jadi ilizikosoa taratibu za kesi, kisha ikaiacha hukumu isimame. Mwaka 1984 adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Orton alifia gereza la Zomba Oktoba 1992. Vera aliachiwa Januari 1993. Ni kipimo gani cha maabara kingewasaidia? Uhaini hauachi doa kwenye nguo. Kilichokosekana kwao kilikuwa wakili.

Kundi la tatu ndilo ambalo hatimaye lilifikiwa. Ni la watu waliohukumiwa kifo kwa mauaji ya kawaida. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu kilisema adhabu ya mauaji ni kifo, na jaji hakuwa na la kuchagua. Aliyepanga kuua kwa pesa na aliyepiga ngumi moja katika ugomvi wa kilabuni walipata adhabu ileile. Mara ya mwisho watu kunyongwa Malawi ilikuwa mwaka 1992, lakini hukumu ziliendelea kutolewa. Tarehe 27 Aprili 2007, katika kesi ya Francis Kafantayeni na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inapingana na Katiba. Waliokwisha kuhukumiwa walikuwa na haki ya kurudi mahakamani ili adhabu zao ziangaliwe upya.

Utekelezaji ulichukua miaka. Usikilizaji ulianza mwaka 2015 huko Zomba, kwa ushirikiano wa Tume ya Haki za Binadamu ya Malawi yenye makao yake Lilongwe, mawakili wa msaada wa kisheria, ofisi ya mashtaka, na wataalamu kutoka nje. Wafungwa waliostahili walizidi 150. Tatizo la kwanza lilikuwa la makaratasi: majalada ya wafungwa wengi hayakupatikana. Watu walikuwa wamekaa chini ya hukumu ya kifo kwa miaka mingi, na maandishi ya kwa nini walihukumiwa yalikuwa yamepotea. Wasaidizi wa kisheria walisafiri hadi vijijini wakazungumza na ndugu, majirani na machifu, wakaandika maisha ya mfungwa: umri wake wakati wa tukio, ugonjwa wa akili, umaskini, na kama kijiji kiko tayari kumpokea. Zaidi ya wafungwa 100 walirudi makwao. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa kifo tena.

Kazi hiyo ninaiheshimu sana, na kwa kuiheshimu ni lazima niseme mpaka wake. Mahakama iliulizwa kuhusu adhabu. Haikuulizwa kuhusu hatia. Byson Kaula, aliyehukumiwa kifo mwaka 1992 na ambaye amesimulia hadharani jinsi alivyopangwa kunyongwa zaidi ya mara moja, amekuwa akisema kwamba mfanyakazi wake, aliyekuwa tayari ameumia, alianguka, na kwamba majirani walimsingizia. Aliachiwa mwaka 2015. Amerudi nyumbani, lakini kisheria amerudi kama muuaji aliyemaliza kifungo. Hata vinasaba visingemsaidia, kwa kuwa hakuna aliyebisha kwamba Kaula alimgusa mtu yule. Swali lilikuwa jinsi alivyokufa, na jibu lake lingekuwa katika ripoti ya daktari na maelezo ya mashahidi, yaani ndani ya jalada.

Mtu anaweza kunipinga hapa. Atasema kwamba kama vinasaba havisaidii katika makundi haya matatu, basi tuache kuvizungumzia, tutafute majalada tu. Sikubali. Hoja yangu inahusu mpangilio wa kazi. Kesi za ubakaji, kesi za mauaji ambapo mkosaji hakuonekana, hizo ndizo ambazo kipimo kinaweza kuzifungua tena, nazo zinaendelea kutokea leo. Kama vielelezo vya leo vitachomwa au kuachwa vioze stoo ya kituo cha polisi, mwanafunzi wa mwaka 2050 ataandika insha kama hii yangu kuhusu wafungwa wa wakati wetu. Na jambo bado ni la uhai na kifo. Mwezi Aprili 2021, katika kesi ya Khoviwa, iliandikwa kwamba adhabu ya kifo imefutwa Malawi. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Rufani ilifafanua kwamba hayo yalikuwa maoni ya jaji mmoja, na adhabu bado imo katika sheria.

Sisi tuliotoka Maziwa Makuu tuna mfano mwingine wa kulinganisha. Mahakama za gacaca nchini Rwanda, zipatazo 12,000, zilisikiliza kesi karibu milioni 2 kabla ya kufungwa Juni 2012. Nazo zilitegemea maneno ya mashahidi, na ubora wa haki yake unabishaniwa hadi leo, hata katika vibaraza vya kambi hii. Lakini maneno yale yaliandikwa kwenye madaftari na madaftari yakatunzwa. Anayetaka kubishana nayo ana pa kuanzia. Mfungwa wa Dzaleka wa mwaka 1970 hana.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza ni la wale wa Lilongwe wanaotunga sheria: iwepo sheria inayolazimisha jalada na vielelezo vya kila kesi kubwa vitunzwe kwa muda wote mfungwa anapotumikia adhabu, na impe mfungwa haki ya kuomba vipimwe. Bila sheria hiyo, maabara itakuwa jengo tu. La pili ni letu sisi wanafunzi. Wazee wa Dowa waliokuwa vijana wakati kambi hii ilikuwa gereza wanazidi kupungua. Baadhi yao walipeleka chakula, wengine walilinda, wengine walifungwa. Tunaosoma hapa tunazungumza Kiswahili na tumejifunza Kichewa sokoni. Tunaweza kuketi nao, kuuliza majina na miaka, na kuandika. Hatutakuwa tumetoa hukumu wala kumsafisha mtu. Tutakuwa tumefungua jalada ambalo serikali ya wakati ule haikutaka liwepo.