Eli wa Mlima Meru

Siku ya gulio pale Tengeru, mama akitaka mwanawe aje kumtua mkungu wa ndizi, utasikia akiita: "Elirehema!" Meza ya pili anaitwa Elibariki. Pekua Biblia yote, majina hayo huyaoni. Hata hivyo, mwanzo wake ni Kiebrania.

"El" kwa Kiebrania ni Mungu. "Eli" ni Mungu wangu, neno alilolia nalo Yesu msalabani. Waebrania waliliunga na neno jingine, jina likawa sentensi kamili. Elieza: Mungu ni msaada. Elisha: Mungu ni wokovu. Danieli: Mungu ni mwamuzi wangu. Ishmaeli: Mungu husikia.

Majina hayo yalifika huku Meru na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig. Wawili wa kwanza waliuawa Akeri mwaka 1896. Mwaka 1902 wenzao walifungua kituo Nkoaranga, na mwaka 1904 kingine Ilboru, kwa Waarusha. Jina la ubatizo likakaa mbele, la ukoo likafuata: Kaaya, Mbise, Pallangyo, Mollel.

Lakini wazazi hawakuishia kupokea. Kama majirani zao Wachaga na Wapare, waliichukua Eli wakaiunga na Kiswahili: Elisante, Elifuraha, Eliamani. Wengine wakaiweka mwishoni, kama ilivyo kwa Danieli: Aminieli, Anaeli. Hana wa Maandiko alimwita mwanawe Samweli kwa kuwa alimwomba kwa Mungu; mama wa Meru aliyengoja mtoto miaka mingi akamwita wake Elisante. Kanuni ni ile ile: jina ni sala ya mzazi.

Yapo pia majina yaliyokwenda sambamba na historia. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi ya watu wake. Jina Japhet ndilo Yafethi wa kitabu cha Mwanzo, na sura ya 9 inalifungamanisha jina hilo na baraka ya kupanuliwa nafasi.

Kwa hiyo wewe unayeitwa Eliamani au Aminieli, usilichukulie jina lako kuwa la kuandikia fomu tu. Kama bibi aliyekuita hivyo bado yupo, panda Nkoaranga ukamwulize siku ile alikuwa anaomba nini.